Baba, Mbona Ulinipa Kalamu?

Baba,

Salamu sina. Nimetoka mahakamani hapa Lodwar, vumbi bado limenijaa miguuni, na hasira yangu haiwezi kungoja hadi nioge.

Unakumbuka siku ile dukani Kakuma? Ulisukuma mizani pembeni, ukafuta kaunta kwa leso yangu mpya bila kuniuliza, ukatandaza wosia ulioandika mwenyewe. Nyumba ya Lodwar, ile tuliyojenga mimi nikichota maji ya kuchanganyia simenti, iwe yangu. Vingine vyote, duka hilo na shamba la Kitui, viwe vya kaka yangu Mutua. Nikakwambia tumwone wakili kwanza. Ukacheka.

"Wakili wa nini, Mama?" Uliniita Mama siku zote kwa kuwa nina jina la mama yako. "Kwetu anayepewa shamba husimama palepale alama za mpaka zikiwekwa, aone mwenyewe. Mgeni hununulika. Wewe husemi uongo hata ukichapwa."

Ukatia sahihi, ukanipa kalamu, nami nikatia kama shahidi. Shahidi wa pili ukamwita Deng, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekuwa akichukua vitunguu kwako akauze kambini. Basi, ukakunja karatasi, ukaagiza chai.

Ulipofariki, Mutua, ambaye hakuja hata siku moja kukugeuza kitandani ulipopooza, alisimama mbele ya waombolezaji. "Huu wosia ni feki! Huyu amejiandikia nyumba!" Nilitamani ufufuke umzabe kofi, kisha urudi zako.

Tukaenda kortini. Deng alihangaikia kibali cha kutoka kambini mpaka viatu vikaisha soli. Ndipo wakili wa Mutua alipoona jina langu chini ya lako. Sheria, Baba, inasema hivi: mrithi akiwa shahidi, wosia hausimami wala hauanguki kwa hilo, lakini alichoachiwa yeye kinabatilika, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasio na fungu. Wewe ulikuwa na Deng peke yake. Nyumba yangu ikaingia kwenye "vingine vyote". Vya Mutua.

Tangu siku hiyo wosia ukawa mtakatifu! Ungemsikia: "Mzee alijua anachofanya." Shetani mwenyewe angeona haya.

Wakili wangu alinieleza kwa sauti ya chini kwamba wosia ukikosa kuthibitishwa, mimi na Mutua tutagawana kila kitu sawa kwa sawa. Kisha akafunga faili. Nami si mjinga. Ningesema tu kwamba sikukuona ukitia sahihi, sheria inayotaka mashahidi wawili ingebaki na mmoja, na nyumba yangu ingekuwa na matumaini.

Deng aliapa kwanza. "Mzee alishika kalamu na mkono yake. Mimi iko hapo, naona." Akaulizwa alipewa nini. "Vitunguu. Na nililipa." Watu wakacheka, hata jaji.

Kisha mimi. "Ulimwona baba yako akitia sahihi?" Mutua akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Nikakuona pale kaunta, ncha ya ulimi nje kidogo, kama ulivyofanya kila uliposhika kalamu. Nikakuchukia, Baba. Nakwambia wazi, nilikuchukia.

"Nilimwona," nikasema.

Sasa nafunga vyombo. Mutua anataka funguo, na mwarobaini tulioupanda mlangoni amesema ataukata aweke maduka. Lakini Mutua ni Mutua, simshangai. Nakukasirikia wewe uliyenipenda. Kuuliza si ujinga. Nani alinifundisha hivyo kama si wewe? Safari moja tu kwa wakili, na leo ningekuwa nafagia uwanja wangu.

Nanyi wazazi mnaosoma barua hii: mkimpenda mtoto, mpeni nyumba, msimpe kalamu. Mwiteni jirani.

Nakupenda bado, na hilo linaniudhi zaidi. Lala, Baba. Uliniamini kwamba sitasema uongo. Sikusema.

Ni mimi, Mama yako,
shahidi wako wa kwanza.