Mama Mkwe Ndani ya Unipoti

Jumatatu, 10 Februari 1997

Mama amefika. Ametoka Mafubira, Jinja, na kikapu cha viazi vitamu na kuku aliyefungwa miguu. Kuku alikuwa amelegea kabisa – joto la njiani. Nikamwekea maji kwenye kifuniko cha sufuria. Akanywa, akasimama, akaanza kututukana. Binti yangu Olivia alicheka sana.

Ni mara ya kwanza mama mkwe kuja huku Mbale tangu tumzike mke wangu Margret mwezi wa Septemba. Amekuja kumwona mjukuu wake. Atakaa wiki mbili, mwili ukikubali.

Nguo zangu nimehamishia kwa Norman, konstebo mwenzangu, unipoti ya tatu kutoka kwetu, hizi nyumba za bati za kambi ya polisi. Kwao Busoga mwanamume na mama mkwe hawalali chini ya bati moja. Hawagusani, hawatazamani usoni, hawapishani mlangoni. Anayevunja anapata buko – mikono inatetemeka mpaka siku ya kufa. Kwetu Lango heshima ipo, lakini haina kutetemeka. Nilioa kwao, nafuata ya kwao.

Zamani Margret alikuwa katikati. Mama aliongea Kisoga nyuma ya pazia, Margret akanigeuzia kwa Kiswahili, na utani wake juu. Sasa katikati yupo Olivia, miaka mitano, anayemwita bibi yake Jaja.

"Baba, Jaja anasema umekonda."

"Mwambie ni jua."

"Jaja anasema jua halili nyama ya mtu."

Kiswahili cha mama ni kidogo. Alikisikia kwa wanajeshi, miaka ile ya kugongewa milango. Hakipendi. Hata siku ya harusi yetu neno lake moja la Kiswahili lilikuwa "Afande" – ndilo jina langu kwake mpaka leo.


Jumanne, 11 Februari

Joto! Unipoti ni bati tupu, duara, kama debe lililofunikwa. Saa saba mchana huwezi kuweka kiganja ukutani. Sisi tumezoea – tunatoka asubuhi, tunaingia jua likishazama.

Nimepewa likizo fupi. Nashinda kwenye kibanda cha kupikia, kile cha nyasi alichotaka Margret kando ya mlango. Ndicho kivuli pekee upande wetu. Mtungi wa maji uko hapo, na kiti changu. Mama nimemwachia nyumba yote. Yeye ndani, mimi nje. Anafunga mlango, anashusha na pazia.

Naona nimepanga vizuri. Margret angesema, Otim, umekuwa Msoga kweli.


Alhamisi, 13 Februari

Bomba la kambini limekauka. Wanawake wanakwenda kisimani mbali, wanapanga foleni tangu asubuhi.

Kichanga cha mstari wa nyuma kimefariki. Wiki tatu tu. Walikuwa wamemfunika blanketi mbili, ndani ya bati, ili upepo usimpige. Upepo gani, Mungu wangu! Ketty, mke wa Norman, ndiye aliyemwosha. Anasema mwili ulikuwa bado na moto. Tumezika leo, watu wachache.

Ketty akaniuliza kama mama anakunywa maji. Nikampeleka Olivia na kikombe. Kimerudi nusu.

"Jaja anasema ametosheka."

"Ametosheka wapi!" Ketty akasema. "Akinywa itabidi aende chooni, na nyinyi wanaume mnacheza dama mlangoni pake. Mimi mwenyewe nikienda najifanya natafuta kuku."

Kweli, sikuwa nimefikiri. Nimeenda kuwaambia wahamishe dama. Wamenung'unika – mkwe wa Otim amekuwa OC, mkuu wa choo! Lakini wamehama.

Nyuma ya kibanda nimeona magunia mawili ya Margret, yamekunjwa vilevile alivyoyaacha. Mchana wa kiangazi aliyalowesha na kuyatupa juu ya bati. Tsss! Alikuwa anaweka mikono kiunoni, anasema, "Haya, nyumba imekunywa." Sijayagusa tangu Septemba.


Ijumaa, 14 Februari

Naandika nimekaa kwenye baraza la hospitali. Bado jua lipo.

Asubuhi Ketty alimchukua Olivia na watoto wake kisimani, wakacheze majini. Wanawake wote walikwenda. Nilibaki kwenye kibanda, mama ndani. Mlango umefungwa. Hakuna upepo hata wa kutikisa jani.

Saa tano nikamsikia anakohoa. Saa sita kimya. Nikadhani amelala. Nikakaa vizuri, nikageuza kiti mgongo kwa mlango, ili akitaka kutoka asinione uso. Nilijiona nina adabu! Sikujua kwamba hawezi kutoka kabisa, maana mimi niko pale. Mtungi uko kwangu. Kivuli kiko kwangu. Njia ya chooni inapita miguuni kwangu. Na mtoto wa kubeba maneno hayupo. Mimi nakaa nje kwa heshima yake, na yeye anaiva ndani kwa heshima yangu.

Olivia akarudi na nywele zimelowa. Akaingia ndani mbio. Akatoka polepole, mlango akauacha wazi.

"Baba, Jaja amelala chini. Namwita, anaongea maneno mabaya mabaya."

"Mabaya vipi?"

"Hayajakamilika."

Nikasimama mlangoni kwangu mwenyewe nikapiga hodi. Hodi, mama! Mara tatu. Nikamwita Ketty – alikuwa bado njiani na madebe. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja kambini. Nikashika pazia. Lilikuwa la moto! Nikafikiria buko, nakiri. Nikafikiria kile kichanga. Nikaingia.

Alikuwa kwenye simenti, amejifunga vazi lake la gomesi, kamili na mshipi, kama anakwenda kanisani. Ngozi kavu, haina jasho hata tone, inachoma kama sufuria. Macho wazi lakini hanioni. Nikamwinua. Alikuwa mwepesi – mwepesi kuliko Margret siku ile ya mwisho. Sikutaka kukumbuka hilo, likaja lenyewe.

Norman alikuwa anapita na taulo begani. "Otim! Huyo si mama mkwe?"

"Ndiyo."

"Na umemshika?"

"Norman, leta maji!"

Akaacha taulo, akaleta mtungi wote. Tukamlaza kibandani, tukamlegeza mshipi, tukammwagia maji shingoni, kwapani, miguuni. Norman akampepea na sinia. Akawa anaangalia pembeni muda wote, maskini, kama polisi anayelinda benki. Olivia alishika mkono wa Jaja, akawa anamwambia aamke, kuku amepona na yeye apone. Dereva wa zamu akaleta pikapu bila kuuliza mafuta ni ya nani.

Hapa wamemfunika shuka lililolowa, wamemwekea dripu, dirisha liko wazi. Daktari kijana anasema ni joto. Anasema wazee na vichanga miili yao haijui kujipoza, na wengi hawasemi mpaka wanaanguka. Wiki hii ameletewa mzee kutoka Busiu, alikuwa anapalilia mahindi saa nane mchana. Alichelewa.

"Nani alimtoa ndani?" akauliza.

"Mimi."

"Umefanya haraka. Vizuri."

Haraka! Sikumwambia kuhusu hodi tatu.


Jumamosi, 15 Februari

Ameongea!

Watoto hawaruhusiwi wodini, Olivia yuko kwa Ketty. Nilisimama upande wa kichwa cha kitanda, asinione. Nesi ametoka kidogo. Nikasikia sauti, nyembamba, lakini yake:

"Afande."

Hakuna mtu mwingine wodini wa kuitwa Afande. Nikasema, "Naam, mama."

"Maji iko?"

"Iko, mama."

Nikampa kikombe, nimegeuza uso kuelekea ukutani. Akanywa chote. Kilikuwa kinagonga meno yake, mkono unatetemeka. Akanirudishia. "Ingine."

Miaka saba katika ukoo wao na haya ndiyo mazungumzo yetu ya kwanza. Nimetoka nje nikajifanya natafuta maji ya baridi. Nimelia kidogo, nyuma ya nyumba ya kufulia mashuka. Asante Mungu.


Jumatatu, 17 Februari

Ameruhusiwa. Daktari anasema apumzike hapa siku chache, anywe maji yenye chumvi na sukari kidogo, asafiri asubuhi tu.

Leo mapema nimelowesha magunia ya Margret. Nimepanda juu ya pipa nikayatupa. Tsss! Olivia akapiga makofi. "Nyumba imekunywa!" Sikumfundisha. Alikuwa mdogo, na bado amelishika neno la mama yake.

Kibanda nimempa mama. Mtungi, kiti, kila kitu. Mimi nashinda kwa Norman. Muzafaru wa duka la nje ya geti, mwenye friji, anatuma barafu kwenye mfuko kila adhuhuri. Nilitaka kumshukuru vizuri, akanikatiza. "Bwana Otim, yule ni mama wa watu wote sasa. Kambi nzima inamzungumzia." Anasema sokoni hadithi imefika kwamba nilivunja mlango kwa bega. Mlango ulikuwa wazi! Nilisogeza pazia tu!

Mkono wa mama bado unatetemeka, wa kulia. Ketty alimwambia ni joto na udhaifu. Mama akauangalia tu, akauweka chini ya shuka. Najua anafikiri nini.

Naangalia mwandiko wangu hapa. Umenyooka.


Jumatano, 19 Februari

Simu imekuja kituoni kutoka Jinja. Kirunda, mdogo wake marehemu baba mkwe, mkubwa wa ukoo sasa. Amesikia. Sijui nani amemwambia. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo ilinitisha.

"Ulimshika?"

"Nilimshika, mzee. Alikuwa anakufa."

"Wanawake walikuwa wapi?"

"Kisimani."

Halafu akasema nimrudishe Mafubira, lakini nisikanyage uwanja wa nyumba. Nimwache njiani, nikae mbali mpaka wazee wakae na kuamua namna ya kusafisha. Na Olivia abaki huko kwanza.

Abaki mpaka lini? Simu ilikatika, au aliikata.

Nimempelekea mama maneno hayo kupitia Olivia, ila ya kubaki kwa mtoto nimeyaacha. Yamerudi hivi: "Jaja anasema amesikia." Basi.


Jumamosi, 22 Februari

Tumefika Jinja mapema, kabla jua halijapanda. Pikapu ya kituo ilikuwa inakuja huku, wametupa nafasi. Mama mbele na dereva, mimi nyuma na Olivia na yule kuku – mama amekataa achinjwe. Anasema huyo ni mgonjwa mwenzake.

Nimewashusha njiani kama nilivyoambiwa. Leo nalala kwa rafiki kambi ya magereza. Mkono wa mama ulikuwa umetulia leo aliposhika mlango wa gari. Nimeuona vizuri. Au nilitaka kuuona hivyo.


Jumapili, 23 Februari

Mafubira. Nimekuja baada ya kanisa kumuaga Olivia, zamu yangu inaanza kesho. Kirunda alitoa habari kwamba atapita leo na wazee wawili.

Sikukanyaga uwanja. Nilisimama nje ya ua wa michongoma, juani, kofia mkononi. Saa saba mchana. Joto lilelile, limetufuata. Nyumba ya mama ni ya matofali, na baraza lake lina kivuli kipana, mkeka umetandikwa. Yeye alikuwa ndani. Nikamwita Olivia. Akaja, tukaongea kupitia michongoma. Akaniambia Jaja amempa kitanda cha mama yake cha utotoni.

Akarudi ndani. Akatoka tena.

"Baba, Jaja anauliza kwa nini uko juani."

"Mwambie mzee Kirunda amekataza."

Akaenda. Akarudi, ameshika mdomo asicheke.

"Jaja anasema jua mmeshalijaribu, yeye na wewe. Anasema uje kivulini."

"Mwambie nitakuja siku nyingine, wazee wakishaamua."

Hapo mama akatoka mwenyewe. Gomesi ya bluu, mshipi umelegezwa – umelegezwa! Amebeba kigoda na jagi la maji. Akakaa mwisho wa baraza, akanigeuzia mgongo. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani:

"Afande. Iko kivuli ya watu wawili. Kuja."

Nikaingia. Nimekaa mwisho mwingine wa baraza, mgongo kwake. Daftari nimetoa mfukoni ili mikono iwe na kazi. Katikati yetu mtoto anapeleka kikombe, huku na huku. Mama anakunywa. Mimi nakunywa. Kuku anakunywa kwenye kifuniko. Nimemuuliza, kupitia Olivia, kama mtoto atarudi nami Mbale. Mama amesema hiyo bati bila magunia, hapana. Nikasema magunia yapo juu. Akasema, nani atayalowesha Afande akiwa kazini? Nikasema Ketty. Anafikiri. Bado hajajibu.

Kirunda anaonekana kwenye kona, na wazee wawili nyuma yake, wamejifunika magazeti kichwani. Ametuona. Amesimama njiani, juani.

Nimeanza kuinuka. Mama, bila kugeuka: "Kaa."

Nimekaa. Anamwambia Olivia aongeze vikombe vitatu.