Nilizania Uko Mwanaume

Bukavu, Zaïre. Jumatano, 1974

Hasira bado haijanitoka. Nimesafiri toka Kigoma na kamera yangu, halafu Papa Bahati, mwenye studio aliyeniajiri kwa barua, ananiambia mlangoni, "Nilizania uko mwanaume. Wateja watakataa."

Kwenye barua hakuuliza, nami sikusema.

Mteja wa kwanza leo, maman mmoja wa mtaa wa Bagira, alitusikia. "Mimi nataka huyu maman anipige foto," akamwambia Papa Bahati. "Weye unanishikaka kidevu."

Nikampiga picha bila kumgusa. Papa Bahati akanipa wiki moja, tuone.

Naogopa. Sina ninayemjua hapa. Lakini nguo zote nimezitoa sandukuni, na sanduku lenyewe nimempa maman mwenye nyumba nilikopanga awekee maharagwe yake.