Maksai Hazai

Kitale,
Jumatatu, 15 Agosti 1988.

Kaka yangu mpendwa Wekoye,

Salamu zikufikie hapo Mabanga, wewe na wifi na watoto. Sisi huku tu wazima, ni mgongo wangu tu unaonisumbua. Kifua chako je, kimepoa? Usiache dawa, tafadhali.

Kaka, tulipata mgeni. Mjukuu wa yule mzungu aliyemchapa babu yetu kiboko hadi akafa, ati kwa kulisha ng'ombe kwenye ardhi alikozaliwa, alitoka Uingereza akaja kanisani kwetu Jumamosi. Kijana mpole, sikatai. Alilia mbele ya watu, akaomba msamaha. Kisha akatoa maksai mmoja mnono, na karatasi. Baba Mdogo Zachary akatusomea kwamba familia imesamehe, na haitamdai tena yeye wala serikali yake.

Wala serikali yake! Na wazee walikuwa wameshaanza kunoa visu. Nikasimama, nikawauliza tangu lini mtu wetu aliyeuawa akalipwa kwa maksai. Si hulipwa mtamba, azae, uzao wake ushike nafasi ya marehemu? Maksai unakula, unanawa mikono, yamekwisha. Mgeni akasema hakujua, na kwamba kosa lilikuwa la babu yake peke yake. Nikamwambia babu yake hakuja huku peke yake. Nani alimpa bunduki? Nani alichora ramani akamwandikia shamba letu? Nani alimwachilia kortini, akaenda zake nyumbani kunywa chai? Serikali yake. Basi akailete, isimame hapa, iseme ilichofanya, halafu ilipe. Machozi yake nimeyapokea, lakini hayawezi kuisafisha nchi nzima.

Baba Mdogo alinifokea niketi, ati binti aliyeolewa hana neno katika mambo ya damu. Mzaliwa wa kwanza ndiye wa kukubali au kukataa, na huyo ni wewe.

Hapo, kaka, nilifanya jambo ambalo lazima ulisikie kutoka kwangu. Nilisema umeshakataa. Niliapa mbele ya kanisa zima kwamba uliniandikia mwezi uliopita, uliposikia anakuja, na barua yako iko kwangu nyumbani. Nilidanganya, na sijutii hata kidogo. Karatasi haikutiwa sahihi.

Sasa wanakuja kwako Jumamosi hii, wote, pamoja na huyo maksai. Najua umechoka na ungependa yaishe. Ukitaka kunifanya mwongo, uwezo unao. Lakini ukitia sahihi, ujue kwamba siku ile ni mtu mmoja tu aliyemtetea babu, naye ilibidi akope jina lako.

Nimempa barua hii Kiptanui, dereva wa lori la mahindi. Nimemwambia asiondoke hapo bila jibu. Niandikie kwamba umekataa, na uweke tarehe ya mwezi uliopita.

Nisalimie wote, Mungu awalinde.

Dada yako akupendaye,
Jentrix Nasambu