Baba, Wanasema Rejea Yako Haipo

Mpendwa Baba,

Barua pepe ya jarida ilinikuta dukani, mtaa wa Asiatique, nikimpimia mteja waya wa umeme. Niliisoma kwenye simu, nikabaki nimesimama na waya mkononi mpaka mteja akaniuliza kama nimefiwa.

Mhariri aliandika kwa upole. Makala yako juu ya makorongo yanayokula ardhi ya Bujumbura imesifiwa na walioisoma, alisema, ila katika orodha ya marejeo kuna kazi moja ambayo hawakuipata popote: Nahimana, G., tasnifu ya chuo kikuu. Siku hizi wanaletewa marejeo mengi ya kubuni, kwa hiyo tuthibitishe kwamba kazi hiyo ipo. Tukishindwa, makala haitachapishwa.

Ya kubuni. Siku nzima nilishindwa hata kunywa chai.

Unakumbuka tulivyoyaandika marejeo yale? Wewe umelala karibu na dirisha, mimi kwenye kigoda, kompyuta mapajani. Mimi mtu wa mahesabu ya duka nilikuwa sijui kabisa mambo hayo. Ulinifundisha neno kwa neno: jina la Kirundi litangulie, koma, herufi ya kwanza ya jina la ubatizo, nukta, mwaka ndani ya mabano, jina la kitabu kwa herufi za mlalo. Ulikuwa umefumba macho, lakini nikikosea ulijua.

"We Hawa, iyo nukta umeitupa wapi?"

"Utaionaje na macho umefunga, Baba?"

"Nimesikia umepita bila kuiweka."

Tulicheka mpaka ukakohoa, Mama akaja mbio na maji. Nilipokuuliza nukta ina faida gani, ulinijibu kama mwalimu: "Mutu akitaka kuhakikisha maneno yangu, asipotee njia." Siku hiyo nilikuona mzima.

Lakini ni miezi ile ile, Baba, uliyokuwa ukiuliza mbona kaka yako Rajabu amechelewa chakula, na Rajabu tulimzika nikiwa shule ya msingi. Asubuhi moja uliniita kwa jina la mama yako, ukaniomba ruhusa ya kwenda kucheza. Akili yako ilikuwa inakuja na kuondoka, na sisi tuliozoea tulikuwa hatuulizi tena. Kwa hiyo niliposoma barua ile, nilijaribu kukumbuka ulimtaja Nahimana ukiwa wapi: upande wetu, au upande ule mwingine. Sikukumbuka. Nilichokumbuka ni kwamba nilitaka kumwondoa kwa sababu hakuonekana kwenye intaneti, ukanishika kiganja kwa nguvu ambayo sikujua bado unayo.

"Apana. Iyo usitoe. Bila iyo, yote inaanguka."

Nilirudia makala yote. Ni kweli. Kila unachosema juu ya jinsi korongo lilivyokuwa likisogea miaka ile, kabla ya picha za setilaiti, kinamtegemea mtu huyo mmoja.

Niliogopa, Baba. Makala kukataliwa, hilo ningelivumilia. Niliogopa kwamba wewe, uliyewarudisha wanafunzi nyuma kwa kunakili ukurasa mmoja, umeacha uongo kama neno lako la mwisho, na kwamba ni mimi niliyeupiga chapa na kuutuma. Nilikwenda maktaba ya chuo. Mhudumu alitafuta kwenye mashine, akatafuta kwenye rafu. Akina Nahimana ni wengi, wa makorongo hakuna. "Labda muzee alichanganya," aliniambia kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniumiza. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani.

Nilimficha Mama. Lakini wewe unamjua. Aliona nachezea wali, akaweka kijiko chini.

"Sema."

Nikasema. Nilitegemea alie. Aliniangalia tu kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Nahimana? Si Goreti huyo? Yule mwanafunzi wa kuja na matope kwa viatu. Kila Jumamosi walikuwa wanakwenda na baba yako kupima-pima huko kwa ravini, kwa korongo, wanarudi wananichafulia sakafu ya simenti. Anafundisha shule moja ya Cibitoke." Kisha akasema, sasa kwa ukali: "Baba yako alikuwa mugonjwa. Lakini hakukuwa muongo."

Nilimpata Goreti kwenye uwanja wa shule, wanafunzi wakitoka. Mwanamke mrefu, miwani, sauti ya chini. Nilipotaja jina lako alijishika kifua. Tasnifu aliiandika kweli, Baba, na wewe uliisoma yote. Ila hakuitetea, mama yake aliugua, ikabidi aache chuo arudi kulea wadogo zake. Maktaba haikuipokea kamwe. Nakala zake ziliharibika maji yalipoingia nyumbani kwao.

"Basi hakuna chochote?" nilimuuliza, na hofu ikarudi palepale.

"Niko mi," alisema. "Na pahali tulipima iko bado. Twende."

Alinipeleka nyuma ya mtaa wetu, Mutanga Sud, kwenye ukingo wa korongo. Aliniambia mlipiga vigingi vya chuma kwenye ukingo, na kila msimu wa mvua ulipokwisha mlipima tena, wewe ukishika mwisho mmoja wa futi, yeye mwingine.

"Kigingi cha mwisho tulikiweka pale," alisema, akanyoosha kidole.

Nilitazama. Alikuwa anaonyesha hewani. Pale palikuwa shimo. Ardhi mliyosimama juu yake ilikuwa imekwenda, na chini kabisa watoto wa mtu fulani walikuwa wakichota mchanga. Niligeuka nisianguke, ndipo nilipoona ukuta wa bluu upande wetu wa korongo, karibu kuliko nilivyodhani. Ni ukuta wetu wa nyuma, Baba. Ulioupaka mwenyewe.

Nilimwandikia mhariri ukweli wote. Alijibu kwamba kazi isiyopatikana haiwezi kukaa katika orodha. Itajwe ndani ya makala, kama maelezo ya Goreti mwenyewe, kwa ridhaa yake. Nilimsomea Goreti hayo.

"Kwa hiyo kwa listi sitakuwa."

"Hapana. Lakini jina litaandikwa."

"Uandike lote basi. Goreti Nahimana. Usinikate."

Wameikubali makala. Mhariri ametuma pongezi. Wiki ile yote nilikuwa naogopa kwamba umesema uongo. Sasa naogopa kwa sababu ulisema kweli. Nimeisoma makala yako tena, polepole, si kwa kutafuta koma, na nimeelewa ulikuwa unaandika juu ya nyumba za nani.

Nimemwambia Mama tuhamie kwa shangazi, Buyenzi, kabla mvua hazijakolea. Amekataa. Anasema hawezi kukuacha humu peke yako. Nimemwambia wewe hupo tena humu. Akaenda kupepeta mchele.

Jana nimerudi kazini nikaona amehamisha kamba ya nguo. Ameifungua kule nyuma, kwenye ukuta wa bluu, ameifunga mbele, upande wa barabara. Aliniona nikiitazama, akaendelea kuanika shuka.

Mungu akulaze pasipo na mvua, Baba. Na sisi atutazame.

Binti yako anayekupenda,
Hawa