Chiriku Amenyamaza

3 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo huko? Na huo mgongo, umepoa? Sisi wazima, ila nimechoka mpaka nywele za wateja naziota.

Wewe mkunga ulinishauri niwakalishe wanawake wa lugha yetu hapa salunini, tuzungumze afya. Nimewakalisha. Wamesuka, wamecheka, wameondoka. Kliniki hawataki kuisikia. "Tukasimangwe tena kwa lafudhi yetu?" wananiuliza. Nami niwajibu nini, wakati hata mimi nilishafukuzwa pale kliniki, dirishani kwa karani?

Anayeninyima raha ni Chiriku, binti wa fundi viatu. Ana mimba, na umri wake bado wa kuruka kamba. Miguu imevimba, kichwa kinamgonga. Msichana aliyekuwa hamalizi maneno, sasa anakaa kwenye kiti kimya.

Dada yako

9 Machi

Dada,

Shikamoo. Mgongo bado, lakini niache mimi. Huyo mtoto asisubiri! Uvimbe na kichwa kuuma hivyo huenda ni presha ya mimba, na inaua. Mpeleke leo. Peke yako walishakufukuza, basi nenda na hao wanaocheka hapo salunini, mjae ukumbini.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kwanza. Nisamehe kwa kimya, kalamu ilikuwa nzito.

Barua yako niliwasomea salunini. Mmoja akajifunga kitambaa, akasema, "Twende." Tukaenda sote, mwingine na rola kichwani. Karani dirishani akaanza: "Ninyi watu mmekuja kujaa hapa kufanya nini?" Mama yake Chiriku, ambaye hujawahi kumsikia akipaza sauti, akamwambia, "Mwanangu anakufa. Mwite daktari." Tukasimama hapohapo mpaka daktari akatoka.

Walimpasua jioni ile. Chiriku yupo. Kichanga hakupona. "Angeletwa mapema kidogo," alisema daktari. Neno hilo nalala nalo, naamka nalo.

Sina la kujisifia. Nilitaka hata kuacha hivi vikao, nisuke nywele tu kama wenzangu. Leo Chiriku amekuja, bado anatembea amejishika tumbo. Amekaa, halafu akaniambia, "Mama, kuna mwenzangu mtaa wa nyuma, naye ana mimba. Anaogopa. Nimemwambia tutakwenda naye."

"Tutakwenda nani?"

"Sisi."

Wananisubiri mlangoni, ngoja nivae viatu.

Dada yako