Mahindi ya Kupeleka Ugenini

Handeni, 9 Agosti 2023

Mwanangu Sufiani,

Hujambo huko? Sisi wazima, na binti yako Hafsa kazi yake kufukuza kuku wa majirani. Nakuandikia barua na kumpa dereva wa basi kwa sababu simu huku husikilizwa na nyumba nzima.

Tangu uje na watafiti wenzako mkasema mahindi yetu yana sumukuvu, hiyo sumu ya ukungu, watu wananisalimia kwa shingo upande. Mzee Hiza, ambaye kijiji kizima humfuata, amesema hadharani kwamba mnataka tumwage chakula tukanunue unga wa dukani. Mimi uji wa mahindi nimeacha kumpikia mtoto. Nampa mihogo, na anakonda. Niambie ukweli, nimekuwa nikimlisha mwanao sumu?

Mama yako

Manundu, Korogwe, 14 Agosti

Mama, shikamoo. Mimi mzima wa mwili, roho ndiyo haijatulia tangu nisome swali lako. Jibu sina, na sitaki kukudanganya. Kipimo kimoja si neno la mwisho, hata kama ni changu.

Mwambie Mzee Hiza asiniamini mimi. Kila nyumba itoe mahindi ya ghalani, ya kwetu yawemo. Afunge yeye, aandike namba, majina abaki nayo mwenyewe. Maabara mbili zitapima bila kujua ni ya nani.

Mwanao

Handeni, 2 Septemba

Mwanangu, natumaini u mzima. Majibu yamesomwa ofisi ya kijiji: mahindi yote safi, maabara zote mbili. Watu wamecheka sana, wanasema sasa mkapime mawe. Kwa mtoto nimefurahi. Kwa ajili yako nimeona aibu, nikapita njia ya nyuma kurudi nyumbani.

Mama yako

Manundu, 6 Septemba

Shikamoo mama, pole kwa hiyo njia ya nyuma. Hapa tumekuna vichwa. Maabara mbili zimekubaliana, basi ama tulikosea mara ya kwanza, ama mahindi si yaleyale. Mwenzangu Edna amemwandikia mwenyekiti wa kijiji kukiri kwamba hatuelewi. Wakubwa walinuna, lakini barua imekwenda.

Nieleze, mama, hayo mahindi mliyaandaaje?

Mwanao

Handeni, 11 Septemba

Sufiani, hujambo? Swali gani hilo? Tuliyatoa ghalani, tukayapepeta. Tukakaa na Bi Husna na wenzake tukayachambua, yenye ukungu na yaliyovunjika tukatupa, ndipo Mzee Hiza akafunga. Ulitaka tupeleke mahindi machafu ugenini, waseme wanawake wa Handeni hawajui ungo?

Hata ya uji wa Hafsa sikuwahi kusaga bila kuchambua. Sisi wakubwa ndio tunakula yalivyo.

Mama yako

Manundu, 13 Septemba

Mama, shikamoo, na ahsante. Nililia ofisini, Edna akadhani kuna msiba. Kumbe sumu imo kwenye hizo punje mlizotupa, na mtoto alikuwa anakula yaliyo safi.

Lakini hiyo bado ni dhana yangu, tuipime. Chukueni gunia moja mligawe. Nusu mchambue, nusu muiache ilivyo. Namba aweke Mzee Hiza tena.

Mwanao

Handeni, 8 Oktoba

Mwanangu mpenzi, hali zetu njema, na leo nasema hivyo kwa moyo mweupe.

Gunia ni lile lile, lakini nusu isiyochambuliwa imekutwa na sumu, nusu iliyochambuliwa imepita. Maabara zote mbili zimesema hivyo hivyo. Mzee Hiza alilinganisha namba na orodha yake. Kisha akasema, "Huyu kijana simwamini bado. Ila haya niliyafunga kwa mkono wangu."

Edna ametueleza kwamba kuchambua hakumalizi yote, tukaushe pia juu ya turubai. Hakuna aliyebisha. Jana nimemkuta Mzee Hiza barazani anachambua, mkewe anamkosoa. Nilijikaza nisicheke mpaka nikafika barabarani.

Hafsa amerudia uji wake na mashavu yanarudi. Usiku nalala usingizi.

Njoo Ijumaa. Mzee Hiza anasema uje na vifuko vyako vya sampuli, sasa ana wasiwasi na karanga. Namba ataweka yeye.

Mama yako