Mgomba Ndani ya Shimo la Taka

Kishanda, Muleba

Mdogo wangu Koku,

Salamu zangu zinakuja na tope, maana mvua ya huku haijakatika tangu nifike kwa Shangazi. Mwaka juzi serikali ya kijiji ilitunga sheria kila nyumba ichimbe shimo la taka. Shangazi alilijaza maganda ya ndizi na majivu, kisha akapanda mgomba humo humo. Leo Bwana Afya kaja kukagua.

“Mama, shimo liko wapi?”

“Umesimama juu yake, mwanangu.”

Akaruka pembeni, kofia ikabaki kwenye mkungu! Alitaka kumpiga faini, lakini Shangazi alishamwekea sahani ya ndizi na maharage. Bwana Afya alipoinuka, alikuwa anaagiza majirani nao wapande migomba mashimoni.

“Basi nachimba jingine,” Shangazi akaniambia, “kibanjani kwa marehemu kaka yenu.”

Tangu ugonjwa huu wa kukondesha umchukue kaka, kibanja chake cha migomba hakijaonja hata ganda moja la mbolea.

Koku, maganda ya leo nimeyapeleka huko mwenyewe. Jitunze, unenepe kidogo, na mkungu wa kwanza ukikomaa uje tuule kwa kaka.

Dada yako,
Alinda